Mstari Uelekee Taa Inayotoa

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Padre amekuja. Ameweka sikio kifuani pangu, amesikiliza, ametikisa kichwa. Akasema nijitayarishe. Nikamuuliza nijitayarishe kwa safari gani. Akasema, Mwalimu, usinichoshe, wewe unajua. Ni kweli. Kifua kinakwaruza kama gunia linaloburutwa sakafuni.

Ameshauri niandike dhambi zangu kila siku zikingali mbichi. Wazee wengi, anasema, siku ya kuungama mara ya mwisho husahau zao zote wakakumbuka za jirani. Shauri zuri. Naanza.

Dhambi ya leo: uongo. Nimemwambia mke wangu Magdalena kwamba nataka redio itengenezwe ili nisikie bei ya kahawa. Hatuna kahawa. Tuna migomba, na migomba yenyewe ni ya ukoo wake. Magdalena akasema, "Bei ya kahawa!" Akaendelea kumenya ndizi.

Ukweli ni huu. Jumapili jioni kwaya ya Anastasia itaimba redioni kutoka Dar es Salaam, nyimbo za mwezi wa Rozari. Anastasia ni binti yetu, muuguzi, mtoto pekee tuliyebaki naye. Sijasikia sauti yake tangu alipoolewa. Nataka kuisikia kabla sijafa. Basi. Nimeandika. Asisome mtu.

Na nani aliyeleta habari ya kwaya? Kasiani! Alikutana na Gabrieli, mume wa binti yangu, stesheni ya Morogoro. Akaja kuitangaza hapa barazani akitafuna muwa. Mimi nikajifanya nimelala.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimtaje Kasiani sawasawa, Padre asije akachanganya watu. Ni kaka wa mke wangu. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Baba ni mtu anayeheshimiwa sana. Kama mgeni.

Posa ilipokuja, washenga walipita mbele ya baraza yangu. Nilikuwa nimekaa na gazeti. Shikamoo Mwalimu. Marahaba. Wakauliza njia ya kwenda kwa Kasiani, na paa la Kasiani walikuwa wanaliona! Wakaenda. Wakapokewa. Wakajibiwa. Jioni Kasiani akaniletea jogoo na habari kwamba binti yangu ameposwa.

Mimi niliyemfundisha Kasiani kuandika jina lake mwenyewe! Nilimwambia arudi na jogoo wake. Anastasia akaja, akapiga magoti, akaniomba niende kanisani siku ya ndoa. Nikamwambia, "Nenda na mjomba wako." Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Jogoo tulimla.

Sasa redio. Ni ya marehemu Padre wa zamani, aliniachia aliporudi kwao. Inatumia umeme wa misheni. Iko mashine mtoni, maji yanaizungusha jioni, na waya umeletwa mpaka kwangu kwa heshima ya miaka niliyofundisha. Nguzo za waya zimesimama kwenye ardhi ya ukoo wa Kasiani. Amenikumbusha mara nyingi.

Nimeifungua. Mkono unatetemeka, lakini akili iko. Kosa nimeliona upesi: kondensa imeyeyuka. Ni kitu kama kidole, kimefunikwa nta, kinapitisha sauti kutoka taa moja ya redio, zile chupa za kioo za ndani, hadi nyingine. Nta imemwagika yote. Inahitajika nyingine, na zinapatikana kwa Stambuli tu, fundi redio wa Morogoro.

Mpango: Kasiani asijue. Nimeitia kondensa mbovu ndani ya kibiriti kitupu. Kesho Modesta, binamu wa mke wangu, anashuka sokoni na kabichi. Atampa Stambuli kimya kimya.

Dhambi: werevu. Sijui kama ni dhambi. Nitamuuliza Padre.

Alhamisi, 7 Oktoba

Modesta alimpa Kasiani kibiriti! Nimemuuliza kwa nini. Amenishangaa. Amesema vitu vyote vya nyumba hii hupitia kwa Mjomba, sasa angefanyaje?

Kwa hiyo Kasiani amekwenda mwenyewe mpaka Morogoro, kwa lori la kabichi, na amerudi na kondensa mpya. Amekuja nayo jioni, kaiweka kiganjani kama yai. Shikamoo shemeji. Marahaba. Nimesikia unatafuta bei ya kahawa. Magdalena akaingia jikoni haraka. Nimesikia akicheka.

Kondensa ni nzuri. Imetoka Uingereza. Kwenye ncha moja imepigwa mstari mweusi kuizunguka.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Kasiani amesema mstari huo ni alama ya hasi. Anajua, kwa sababu wakati wa vita alibeba betri za redio kule Bama, mbele ya Uhindi. Betri zina chanya na hasi, ukizigeuza, mlipuko. Akaonyesha kwa mikono jinsi askari mmoja alivyopoteza nyusi.

Nimemwambia kondensa hii si betri. Haina chanya, haina hasi. Nikafungua kitabu cha redio cha marehemu Padre nikamsomea, nikitafsiri. Ndani mna karatasi mbili za bati, nyembamba kama ile ya kwenye paketi ya sigara, na karatasi ya kawaida katikati, zimekunjwa pamoja kama jamvi. Ukiifunga upande wowote itafanya kazi. Mstari unaonyesha kitu kimoja tu: ncha iliyounganishwa na karatasi ya nje.

Kasiani akauliza, kama pande zote ni sawa, ya nje na ya ndani zina haja gani?

Swali la kitoto, lakini nikalijibu. Karatasi ya nje hushika kelele za umeme zilizo hewani, kama nguo iliyoanikwa inavyoshika vumbi. Ikifungwa upande wa taa inayotoa sauti, kelele zile hufia hapo hapo. Ikifungwa upande wa taa inayopokea, taa hiyo huzipokea na kuzikuza, na redio huvuma. Kwa hiyo mstari uelekee taa inayotoa. Kitabu kimesema.

Kasiani akafikiri kidogo. Akasema, basi shemeji, wewe ndiye karatasi ya nje ya nyumba hii. Kelele zote zinaanzia kwako.

Magdalena akacheka mpaka akaketi.

Dhambi: nimemtakia Kasiani apoteze nyusi.

Ijumaa, 8 Oktoba

Siwezi kulehemu. Nimejaribu asubuhi, chuma kikawa chekundu makaani, nikakishika vizuri, mkono ukaruka kama panzi. Nimechoma meza. Nimelala mchana kutwa, kifua kinaniuma.

Niliposhtuka jioni redio ilikuwa inaimba.

Nilidhani nimekufa. Sauti safi! Taarabu, kisha mtu akasoma habari, kila neno kama yuko chumbani. Hakuna mvumo hata chembe. Kumbe Kasiani alikuja nilipolala, akalehemu, akafunika. Magdalena alikuwa amekaa karibu na redio, mikono mapajani. Akasema, "Baba Anastasia, Jumapili tutamsikia mtoto." Hakutaja kahawa.

Nilimshika mkono. Hilo si dhambi, lakini naliandika.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimefungua redio ili nitazame kazi ya Kasiani. Kutazama tu.

Mstari uko upande wa taa inayopokea! Ameugeuza! Kwa sababu ya hasi yake ya Bama!

Nimemwita Magdalena nikamwonyesha. Akauliza, kwani inavuma? Nikasema haivumi. Akauliza, sasa? Nikamweleza kwamba haivumi kwa bahati, lakini imefungwa kinyume. Akasema katika maisha yake hajapata kuona mtu anayeugua kwa sababu kitu kimepona.

Nimekirudia kitabu. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kimeandika kwamba watengenezaji wengine hupiga mstari ovyo, ncha yoyote, na kwamba njia ya hakika ni kuibana kondensa kwa vidole redio ikiwa inalia, kusikiliza, kisha kuigeuza na kusikiliza tena. Upande unaovuma kidogo ndio sahihi, hata mstari ukisema vingine.

Hayo yanahusu watengenezaji ovyo. Hii imetoka Uingereza. Imepigwa mstari mweusi, ulionyooka. Mtu hawezi kupiga mstari mzuri hivyo kwa kubahatisha.

Kasiani amepita kwenda shambani. Kasimama njiani na jembe begani, akauliza, haya shemeji, inalia hailii? Nikasema inalia. Akasema, "Na nyusi ninazo!" Akaondoka anapiga mluzi.

Anapiga mluzi! Binti yangu aimbe kesho, na sifa ziwe za Kasiani! Mjomba aliwapokea washenga, mjomba akamsindikiza kanisani, na sasa mjomba ndiye aliyeniletea sauti yake nyumbani, tena kwa mstari uliogeuzwa!

Sijaandika dhambi ya leo kwa sababu bado sijaifanya.

Jumapili, 10 Oktoba

Asubuhi nimesema nimezidiwa, siwezi kwenda Misa. Wote wakaenda. Nimewasha makaa. Nimefunga mkono wa kulia kwenye mguu wa meza kwa kanga ya Magdalena ili usiruke, nimeshika chuma kwa kushoto. Imenichukua Misa nzima. Nimejichoma vidole viwili. Lakini mstari sasa unaelekea taa inayotoa, kama ilivyoandikwa.

Dhambi: uongo, kukosa Misa, kazi siku ya Bwana. Zote tatu kwa ajili ya ukweli, nadhani zinapungua.

Jioni walikuja watu wengi. Kasiani na mke wake, Modesta, majirani. Wamekaa mpaka nje kwenye majani. Mashine ya mtoni ikaanza. Nikawasha kwa mkono wangu.

Ikavuma.

Si kidogo. Kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Nikapunguza, ikavuma. Nikaongeza, ikavuma zaidi. Mtangazaji akasema kitu, nadhani alitaja kwaya. Kisha sauti za wanawake zikaja kutoka mbali kabisa, kama watu wanaoimba ng'ambo ya mlima mvua ikinyesha. Magdalena akasogea akaweka sikio kwenye kitambaa cha redio, panapotokea sauti. Kasiani naye upande wa pili. Vichwa vya kaka na dada, kulia na kushoto, na mimi sina nafasi.

Wimbo mmoja ulianzishwa na sauti ya mtu mmoja. Magdalena akasema, "Ni yeye." Sikusikia. Naapa sikusikia, nilisikia mvumo tu.

Mwishoni mtangazaji akamruhusu mwimbaji atoe salamu nyumbani. Tulijua hivyo kwa sababu sauti ilibadilika, ikawa ya kusema. Ikasema maneno mengi. Kisha ikaisha. Hakuna hata mmoja aliyepata neno.

Watu wakaaga kwa upole, kama wanavyoaga matangani. Mke wa Kasiani akasema redio ni kitu cha ajabu sana.

Kasiani alibaki. Akauliza kimya kimya, "Shemeji, uliigusa?" Nikasema sikuigusa. Akatazama vidole vyangu vilivyoungua. Afadhali angesema.

Jumatatu, 11 Oktoba

Magdalena haongei. Ameniletea uji, akauweka, akaondoka. Nimetema damu kidogo kwenye kitambaa, nimekificha chini ya mto.

Nimewaza usiku kucha kwa nini imevuma. Nimepata: mashine ya mtoni. Jana maji yalikuwa mengi. Umeme ulikuwa mchafu. Mstari uko sahihi.

Padre alikuja na nikaungama yote ya jana. Akaniuliza kwa nini sikuibana kwa vidole nikasikiliza, kama kitabu kilivyosema. Kumbe naye anakijua kitabu! Nikasema, Padre, alama imepigwa. Akanipa malipizi: nimpelekee binti yangu ujumbe aje. Nikasema nitawaza. Akasema Magdalena ameshamtuma Kasiani, alipanda lori alfajiri.

Sasa malipizi yangu ametimiza Kasiani! Je, yanahesabika?

Alhamisi, 14 Oktoba

Amekuja.

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nitakaa kitini, si kitandani. Shati jeupe. Sitaanza kuongea. Atasema, nitasikiliza, nitaitikia polepole, kama mtu aliyekuwa na mambo mengine.

Nikasikia lori chini barabarani, kisha hatua kwenye kilima, za Kasiani na za mtu mwepesi. Nikakaa kitini. Akaingia. Amenenepa kidogo. Amevaa viatu vya kiuguzi vilivyojaa udongo mwekundu wa kwetu. Akapiga magoti akasema, "Shikamoo baba."

Nikasema marahaba. Nikamuuliza mvua za Dar es Salaam zinaendeleaje.

Akasema si mbaya.

Nikamuuliza njia ilikuwaje. Akasema lori lilikwama mara mbili. Nikamweleza kwa nini barabara ile inakwamisha, udongo wake, mteremko wake, makosa ya waliochimba mifereji. Nilieleza kwa kirefu. Alisikiliza yote, bado kapiga magoti. Kisha akaweka sikio kifuani pangu, kama Padre, ila yeye hakutikisa kichwa. Aliliacha pale. Nywele zake zilinuka dawa ya hospitali.

Nilitaka kuweka mkono kichwani pake. Mkono ulikuwa unatetemeka mno. Angedhani nina homa.

Kasiani alikuwa mlangoni na mzigo wake. Akasema anakwenda kumwagilia maji mche fulani. Mche upi? Mvua ilikuwa inanyesha.

Ijumaa, 15 Oktoba

Anastasia amekiona kitambaa chini ya mto. Amekifua.

Baada ya chakula akanisogelea akasema kwamba zile salamu za redioni zilikuwa zangu. Alizitunga siku nyingi. Alikuwa anaona aibu kuziandika, akafikiri akizisema hewani, kwa watu wote, nitajua anazisema kwa moyo. Akataka kuniambia alisema nini.

Nikamzuia! Nikamwambia asiniharibie. Kwa sababu amenipa habari kubwa: waliirekodi kwaya kwenye sahani ya santuri, na sahani hiyo itapigwa tena Jumapili hii. Hii hii! Basi nitazisikia zenyewe, redioni, kama zilivyotolewa, na si kwa kusimuliwa jikoni.

Akasema, baba, mimi nipo hapa.

Nikasema najua, mwanangu, lakini subiri. Itakuwa safi. Mstari uko sahihi, zimebaki sababu ndogo ndogo.

Akamtazama mama yake. Magdalena akatazama paa.

Dhambi: sioni. Leo nimekuwa mvumilivu.

Jumamosi, 16 Oktoba

Nimeshuku waya wa ardhi. Nimemwagiza Kasiani achimbe shimo refu zaidi la kuufukia. Amechimba. Inavuma. Nimeshuku taa. Nimezitoa na kuzifuta. Inavuma. Nimesogeza redio mbali na ukuta. Inavuma. Kasiani amesema, "Shemeji, niigeuze tu, sekunde moja, usikie." Karibu apige magoti, mtu mzima yule. Amesema hatamwambia mtu. Akaongeza, tutasema umeigeuza wewe.

Nimemwambia kwamba mtu aliyeposesha binti wa watu asiniposeshee na kondensa.

Alikwenda akakaa nje. Baadaye nikaona Anastasia amekaa naye kwenye gogo. Kasiani alikuwa anafuta macho kwa kofia. Labda moshi.

Siwezi kusimama tena. Nimehamishiwa kitanda karibu na redio. Padre ataleta mafuta ya Mpako wa mwisho kesho baada ya Rozari. Nimeomba aje kipindi kikiisha.

Jumapili, 17 Oktoba

Mwandiko mbaya, naandikia tumboni. Pumzi fupi.

Jioni. Mashine imeanza. Nimewasha mapema ili nitafute. Nimepata wazo zuri, nashangaa halikunijia wiki nzima: kisanduku. Mbao zimenyonya unyevu. Nimemwambia Kasiani alete makaa karibu, zikauke. Ameleta. Amekaa sakafuni, ananishikilia bisibisi. Mtu mwema, akishauriwa vizuri.

Nadhani mvumo umepungua. Au umepungua au nimeanza kutosikia. Lazima nihakikishe kabla ya kipindi. Nimeweka sikio kwenye kitambaa cha redio, nimefumba macho.

Lakini jikoni kuna kelele. Anastasia anaosha sufuria na mama yake, na anaimba. Ule wimbo wenyewe, wa peke yake, tangu mwanzo, polepole, kama anayemwimbia mtu aliye chumba cha pili. Magdalena ameacha kuosha. Kasiani ameweka bisibisi chini, ameinamisha kichwa. Mlango uko wazi, sauti inaingia yote.

Siwezi kupima mvumo namna hii. Nimemtuma Kasiani akamwombe Anastasia anyamaze kidogo.